Mada ni ya mama, sio ya mtoto

Mwenzenu mwezi wa pili mwaka huu nilikaa Jumapili nzima na kompyuta ya mume wangu nikatengeneza taimutebo ya kufundishia watoto nyumbani, yaani ilikuwa nzuri mpaka nikampigia picha mdogo wangu nikamtumia. Jumatatu hadi Ijumaa, rangi tano, kila siku na kiboksi chake, saa tatu hesabu, saa tatu na nusu sanaa, saa nne sayansi. Mada ya wiki ya kwanza ilikuwa majira ya mwaka, kwa sababu kule Pinterest, ule mtandao wa picha nilikochota, wao ndo wanaanzia hapo. Nikaenda steshenari nikaprinti kurasa 32 za rangi, bei msiniulize. Jumatatu asubuhi nikamwekea binti yangu picha ya mtu wa theluji abandike pamba, akaiangalia, akaigeuza, akaniuliza, "Mama, huyu amefanya nini mpaka wamemchomeka karoti puani?" Nikaanza kueleza theluji ni nini kwa mtoto wa Kitunda, hapa Dar es Salaam, ambaye baridi anayoijua ni ya kwenye friji. Nikiwa bado naeleza, mdogo wake akala pamba.

Taimutebo ile ilikaa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa na gauni la harusi la mteja, nikawapa simu.

Nirudi nyuma kidogo ili muelewe kwa nini watoto wako nyumbani. Binti alikuwa na miaka minne, Januari tulimpeleka shule ya watoto, gari inamchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri maana yeye ndo wa kwanza kwenye ruti, inamrudisha saa tisa, analala na kijiko mdomoni. Afu akiamka kuna homuweki, andika 1 hadi 50. Walimu walikuwa watu wazuri tu sina neno nao, ila mtoto alianza kulia Jumapili jioni, na mimi kilio cha Jumapili jioni nakijua, ni cha mtu mzima aliyechoka kazi. Tukamtoa. Baba yake akasema mwakani akitimiza mitano aende awali ya shule ya karibu anayoweza kutembea kwa miguu, na kwa taratibu zetu elimu ya awali ni mwaka 1 kabla ya darasa la kwanza, kwaiyo hajapitwa na kitu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, nikasema basi mwaka huu watashinda miguuni kwangu, huyo na mdogo wake ambaye saivi ana mitatu.

Sasa kitu nilichokuja kukielewa baada ya taimutebo kufa ni hiki. Mtoto wa miaka mitatu hana habari kabisa kama wiki hii ni ya maji au ya wadudu. Yeye anataka kumwaga. Wa miaka mitano anaweza kukwambia "wiki hii ni ya nazi" kwa sababu amekusikia wewe, lakini ukimwachia ataanza na nazi atamalizia na paka wa jirani. Mada haimsaidii mtoto, inakusaidia wewe. Inakusaidia saa mbili asubuhi, uji umeshanyweka, vyombo vimejaa, mteja anapiga simu, na kichwani unajiuliza "leo hawa niwape nini", na hilo swali ukiwa umechoka jibu lake ni simu, siku zote ni simu. Mada maana yake umeshalijibu Jumapili ukiwa na akili zako. Na hata ukiwa sokoni jicho linajua linatafuta nini, wiki ya samaki ukiona ngisi unachukua mmoja wa kuchezea, wiki nyingine ungempita.

Tangu nimelielewa hilo plani yangu imekuwa fupi. Nachukua karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nageuza nyuma kuna nyeupe kubwa, nachora duara katikati naandika mada, afu pembeni najiuliza maswali yangu: tutashika nini, tutahesabu nini, tutasimuliana nini, tutatoka kwenda wapi, tutapika nini. Nikipata kitu kimoja au viwili kwa kila swali nafunga. Siandiki siku wala saa. Naibandika kwa seloteipu ukutani juu ya cherehani, tukifanya kitu binti anakuja kukipiga tiki na maka peni, japo siku hizi anapiga tiki hata ambavyo hatujafanya.

Lile swali la kwanza la kushika ndo mlango. Kama mada haina kitu cha kushika naifuta hapohapo, nilijifunza kwa wiki ya sayari. Nilitaka sana ile wiki, mimi mwenyewe nilikuwa napenda hayo mambo shuleni, nikawakatia mabox duara nane nikapaka rangi nikaning'iniza kwenye kamba ya nguo, nikawaeleza hii ni dunia tunakaa hapa. Mdogo akasema sisi hatukai hapo, sisi tunakaa hapa chini. Ndo ikawa mwisho wa sayari. Kitu pekee kilichobaki ni mwezi, kwa sababu mwezi unaonekana, kila jioni tukawa tunatoka nje kuuchora ulivyo, na kwa kuwa nyumbani kwetu mwezi mwandamo ni jambo linalosubiriwa binti alikuwa anajua tayari kwamba mwezi huzaliwa mwembamba kama ukucha.

Basi niwasimulie wiki ya nazi, ambayo ilichukua wiki tatu.

Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kutoka Pangani kukaa na sisi. Mimi karatasi yangu ukutani ilikuwa imeandikwa NAZI, nimepanga tupasue moja, tukune, tupike wali, tuhesabu vipande, basi, siku nne. Mama akaiangalia karatasi, akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Mwanangu, nazi umeiandika kama nyanya." Kesho yake akatoa kwenye mzigo wake mambo ambayo mimi mtoto wa mjini nilikuwa nayasikia majina tu. Akawapanga wajukuu kwenye mkeka akaanza kuwatajia: kinachoanza kabisa mnazini ni kidaka, kikikua kidogo kinaitwa kitale, afu linakuwa dafu unakunywa maji yake, likianza kukomaa ni koroma, mwisho ndo nazi. Majina matano ya kitu kimoja kadiri kinavyokua. Vidaka hakuwa navyo bwana, lakini dafu tulilinunua kwa muuza madafu wa baiskeli, nazi zilikuwepo, na koroma tulilipata kwa bahati kwa yuleyule muuza madafu aliyekuwa analiona halifai. Watoto wakavipanga kwa mstari kutoka mdogo kwenda mkubwa. Binti akasema dafu ni nazi ya chekechea. Hilo ndo somo la mpangilio ambalo kwenye karatasi zangu 32 lilikuwa na picha za vifaranga.

Afu tukaivua nazi nguo, maneno ya bibi hayo. Kumbi la nje, chini yake usumba zile nyuzi, wakazichambua wakasokota kamba, mdogo alisokota kamba kama ya urefu wa kidole na analala nayo mpaka leo. Kifuu tukakiosha. Macho matatu tukayahesabu, bibi akawapa kijiti wajaribu kila jicho, mawili magumu, moja laini, akawaambia nazi ikiota mche unatokea kwenye hilo laini. Maji ya ndani tukayaonja tukayalinganisha na ya dafu. Kukuna kwenye mbuzi alikuna mwenyewe maana ile chuma haina utani, mdogo alisumbua sana kutaka kujua kichwa cha mbuzi kiko wapi na kwa nini halii. Kukamua wakaruhusiwa, tui la kwanza zito, tui la pili jepesi, kwenye vikombe viwili vya kuonea, wakaniita niache kushona nije nione lipi jeupe zaidi. Chicha tukawapa kuku wa jirani.

Siku nyingine akachemsha tui mpaka likatoa mafuta, watoto wamekaa mbali na jiko kwenye mstari niliouchora kwa chaki, wanapiga kelele kila povu likipanda. Tukamimina kidogo kwenye glasi ya maji, mafuta yakapanda juu. Wakayachovya wakayazamisha na kijiko, yakapanda tena. Binti akayakoroga kwa hasira kabisa.

Hesabu ilikuja yenyewe kwenye vifuu, vifuu vinne vikubwa na beseni la maji nje karibu na karo, kikombe kimoja kinajazwa na vifuu vingapi, kifuu kidogo kinaingia mara ngapi kwenye kikubwa. Bibi akamkatia mmoja kifuu akakitia mpini wa kijiti, akasema hii ndo kata ya kuchotea maji mtungini. Na hapo mimi nikapata upenyo wangu, nikachana box nikaandika silabi, KA na TA, tukasoma kata, nikazigeuza, taka. Binti akashtuka. NA na ZI, nazi, geuza, zina. Akataka kugeuza kila kitu, akageuza bibi akapata bibi, akacheka mpaka akalala chini. Kiswahili kinatubeba sana kwenye kusoma, silabi zetu zinatamkwa zilivyoandikwa, mtoto akishashika chache anaanza kujenga maneno mwenyewe, usimharakishe kuandika tu. Mdogo yeye alikuwa anapiga makofi ya silabi, ko-ro-ma makofi matatu, da-fu mawili, u-pa-wa matatu. Kwa miaka mitatu hilo linatosha kabisa.

Usiku umeme umekatika, bibi akatega kitendawili, nyumba yangu haina mlango. Sote tunajua jibu ni yai. Mdogo akapiga kelele "Nazi!" Bibi akafikiria, akasema haya, nazi nayo haina mlango, nakupa mji. Binti akakataa katakata, "Ina mlango bibi, lile jicho laini." Tukabishana gizani hapo mpaka baba yao akarudi kazini.

Wiki ya daladala niliibuni mwenyewe na naidai sifa. Viti vya plastiki sita kwa mistari miwili, dereva mmoja, konda mmoja, abiria ni mimi na dada anayenisaidia kazi na wanasesere. Vizibo vya soda ndo nauli. Tukaanza na nauli kizibo kimoja, tukapandisha mpaka viwili, kukawa na ugomvi wa kweli wa chenji. Tulivyotoka kwenda kituoni tulikaa kwenye kigenge tukahesabu daladala kwa rangi ya mkanda wake ubavuni, binti anachora kistari kila ikipita ya rangi aliyoichagua. Zoezi hilo halikunigharimu kitu isipokuwa machungwa mawili, na hata machungwa tuliyatumia, nililiweka moja lenye ganda kwenye beseni likaelea, nikalimenya mpaka ule weupe wote ukaisha, likazama. Walinitazama kama nimefanya mazingaombwe. Ni hewa iliyo ndani ya ganda, ndo inalibeba.

Kwenye wiki hiyohiyo tukaingia sarafu. Jaribuni hii: weka sarafu chini ya karatasi, mtoto asugue juu na penseli iliyolazwa, picha inatokea. Na sarafu zetu zina wanyama, hamsini ina faru, mia ina swala, mia mbili ina simba, mia tano ina nyati. Nilikuwa nalipia vitu kwa hizo sarafu miaka yote sijawahi kuwaangalia. Saivi binti hasemi mia tano, anasema "nipe nyati". Ila kwa mwenye mtoto mdogo kama wangu hesabu sarafu ukitoa na hesabu ukirudisha, maana huyu anayekula pamba atakula na faru.

Vifaa navyotumia vyote viko kwenye ndoo moja ya rangi iliyooshwa. Vizibo, vijiti vya mishikaki nilivyokata ncha, vipande vya vitambaa vya kazini kwangu, chupa za maji, gundi, mabox. Na udongo wa unga. Huo watu wanauliza sana kwaiyo naandika: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, maji unatia kidogokidogo kama kikombe kasoro, unakanda kama wa chapati mpaka uache kunata. Rangi naweka ya jikoni, bizari kwa njano, choya iliyochemshwa kwa nyekundu, mchicha uliosagwa kwa kijani japo huo wa mchicha siku ya tatu unanuka. Ufunge kwenye mfuko, weka kwenye friji, unakaa wiki. Chumvi ni nyingi kwaiyo hata mlaji wangu alijaribu mara moja akaacha.

Muda sasa. Naona watu wanaandika masaa matatu ya masomo kwa watoto wa miaka mitatu, mimi sijui hao watoto wanakula nini. Kwangu ni asubuhi baada ya uji, nusu saa ikizidi, na jioni wakiamka tena kidogo. Huyo mdogo dakika kumi akikaa nashukuru, anaondoka, anarudi, namwacha. Nikianza kumwita "njoo umalizie" nimeshaharibu. Na kuna siku hakuna kitu kabisa, nina oda tatu, karatasi inaning'inia ukutani inaniangalia, wanaangalia katuni. Jumatano ya wiki iliyopita ilikuwa hivo na Alhamisi pia.

Mbegu na mvua sina mengi, ni mada rahisi. Choroko kwenye pamba yenye unyevu siku mbili tatu imeshachipua, mtoto hasubiri mpaka asahau, ndo maana naipenda kuliko mahindi. Weka nyingine kabatini gizani muone inavyorefuka imepauka. Kwa mvua, saivi vuli imeanza, tumekata chupa tumechora mistari tunapima maji kila asubuhi, tukishapima tunamwaga, mnajua mbu wa dengi anavyopenda maji safi yaliyotuama. Kumbikumbi wakitoka nayo ni mada imejileta, taa ya nje, beseni la maji, hesabu mpaka mchoke.

Jirani yangu, namheshimu ni dada mkubwa, alinikuta siku moja tumelala chini tunaangalia siafu, akaniuliza kwa upole, "Na kuandika je, mdogo wangu? Wenzake wanajaza madaftari." Sikuwa na jibu zuri. Wasiwasi ninao hata mimi, sio kwamba sina. Usiku huo nikatoa sinia nikamwaga unga wa sembe juu yake nikampa kidole aandike, akaandika herufi za jina lake zote ila moja ameigeuza, akafuta akaandika tena, akamwandikia na mdogo wake, unga ukaishia kwenye ugali. Mkono unaosokota usumba na kukamua tui na kufinyanga udongo kila siku ukishika penseli una nguvu, nilivyomwambia hivo jirani akasema tutaona Januari. Ni kweli, tutaona Januari.

Mama alivyorudi Pangani aliacha nazi moja ya mbegu, ina kumbi lake zima, ukiitikisa maji yanacheza ndani. Aliilaza pembeni ya karo, akaifukia nusu, akawaambia wajukuu wasiifukue, nazi haina haraka, inachukua miezi. Karatasi ya NAZI nilishaibandua zamani, tumepita daladala, tumepita mbegu, saivi ni mvua. Lakini mdogo kila asubuhi kabla ya uji anatoka na kandambili za baba yake, anachuchumaa, anaweka sikio. Leo ni siku ya 91. Nikamuuliza vipi, imeamka? Akaniwekea kidole mdomoni, ninyamaze.